Nikope ninunue mfumo wa kompyuta kwa kiwanda changu cha alizeti?

*Swali: "Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Vinu viwili, vijana watano. Nanunua alizeti yangu mwenyewe na pia nakamulia wakulima. Hesabu zote ziko kwenye kaunta buku. Wateja wapo, mafuta yanatoka, lakini msimu wa kununua alizeti ukifika sina mtaji, nakopa upya kila mwaka. Kijana mmoja wa kompyuta amenipigia hesabu: kompyuta, printa, kamera nne na mfumo wa biashara, jumla milioni 6.8, kisha laki moja kila mwezi. Anasema siku hizi biashara isiyo na mfumo haikui, na kwamba vijana hawataweza kuniibia tena. Mdogo wangu ananiambia nikope niweke. Mimi nina miaka 51, nimeishia darasa la saba, kwenye simu najua WhatsApp na kutuma hela. Nikope? Na nitaweza kweli?"*

Shikamoo mama. Umeuliza mambo mawili, lakini katikati yake lipo la tatu, na ndilo zito kuliko yote: hela yangu inakwenda wapi? Nitaanza na hilo, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama mfumo unakufaa. Ila nisikuache roho juu: kwa sasa usikope kwa ajili ya mfumo huo. Teknolojia unaihitaji, na unaihitaji msimu huu huu, lakini ianzie kwenye mizani na simu uliyo nayo mkononi.

Kijana aliyekupigia hesabu hajakosea kusema biashara yenye kumbukumbu nzuri hukua. Alichokiruka ni kwamba mfumo hauna macho. Haujui gunia limeingia mpaka mtu auandikie, na haujui limeingia na kilo ngapi mpaka mtu apime. Ukiuambia kilo 650 wakati zilizoingia ni 610, utazitunza 650 hizo kwa uaminifu na kukutolea ripoti nzuri yenye uongo ndani. Kamera nazo zitakuonyesha nani aliingia stoo na saa ngapi. Hazitakuonyesha ndoo iliyojazwa pungufu, wala kinu kilichochoka.

Kiwandani kwako kuna kipimo kimoja kinachosema ukweli kuliko kamera zote nne, nacho ni uzito. Alizeti ikiingia kwenye kinu haina pa kwenda ila sehemu tatu: mafuta, mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua), na kile kinachopotea, yaani unyevu unaotoka kama mvuke, vumbi, na tope linalobaki kwenye chujio. Ukijumlisha vitatu hivyo lazima upate kilo zilezile zilizoingia.

Tuchukue gunia kumi za kilo 65, yaani kilo 650. Tuseme umepata ndoo tisa za lita 20. Lita moja ya mafuta ya alizeti yaliyopoa ina uzito wa takriban kilo 0.92, kwa hiyo ndoo tisa ni kilo 165.6. Mashudu umepima ukapata kilo 442. Jumla ni 607.6, na pengo ni kilo 42.4, sawa na asilimia 6.5. Sasa chukua siku nyingine, kilo 650 zilezile, alizeti ya mkulima yuleyule, lakini ndoo zimetoka nane. Hapa wengi humgeukia kijana wa kinu na kumtilia shaka. Subiri kwanza, pima mashudu. Mashudu yakiwa yaleyale kilo 442, pengo limeruka hadi kilo 60.8, na ongezeko hilo ni kilo 18.4, yaani ndoo moja kamili. Mafuta yalitoka kwenye kinu lakini hayakufika stoo. Lakini mashudu yakiwa yamepanda hadi kilo 460, jumla yako inarudi 607 na pengo halijabadilika. Hakuna aliyechukua kitu. Ndoo yako imo ndani ya mashudu, na umeiuza kwa wafugaji kwa bei ya chakula cha mifugo.

Kwenye kaunta buku siku hizo mbili zinafanana, zote zimeandikwa "ndoo 8". Dawa zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza inataka ufuatilie nani anapokea mafuta na nani anashika ufunguo. Ya pili inataka fundi: skrubu ya kukamulia na vyuma vinavyoizunguka vimelika, au alizeti imeingia na unyevu mwingi, au kijana ameanza kazi kinu kikiwa bado baridi. Kumfukuza mtu kwa kosa la skrubu ni dhuluma, na isitoshe hasara itaendelea baada ya yeye kuondoka.

Ndoo moja ina uzito gani kwa mtaji wako? Nitumie bei za mfano, wewe weka zako. Alizeti kilo 650 kwa shilingi 1,000 ni 650,000. Umeme, vibarua na ndoo 60,000. Gharama yote 710,000. Mashudu kilo 442 kwa shilingi 400 yanarudisha 176,800. Mafuta unauza ndoo 65,000. Ukipata ndoo tisa, mafuta yanaleta 585,000. Ukijumlisha mashudu na kutoa gharama unabaki na faida ya 51,800. Ukipata ndoo nane, mafuta yanaleta 520,000, na hesabu inaishia kwenye hasara ya 13,200. Wateja ni walewale na jasho ni lilelile. Hiyo ndiyo njia mojawapo ambayo kiwanda chenye foleni ya wateja hufika mwezi wa tano mifuko ikiwa mitupu.

Njia nyingine naomba uiangalie nyumbani kwako kwa upole: hela ya mashudu. Kwenye viwanda vingi vidogo hela hii haiandikwi, kwa sababu huja kidogo kidogo na huonekana kama ya ziada, basi inalipa ada, inanunua mboga, inachangia msiba. Kwenye hesabu hapo juu ni karibu robo ya fedha yote iliyorudishwa na alizeti ile. Si vibaya kuitumia nyumbani. Vibaya ni kuitumia bila kuijua, halafu kushangaa mtaji umekwenda wapi.

Sasa vifaa. Nunua mizani ya kidijitali ya jukwaa, ile ya kusimamisha gunia, ya kilo 300 inatosha. Itakugharimu sehemu ndogo tu ya zile milioni 6.8. Ikae kwenye sakafu ngumu iliyosawazishwa, mbali na mtikisiko wa vinu, na kabla ya kila mzigo irudishwe sifuri. Pima gunia tupu na ndoo tupu mara moja, andika uzito wake ukutani kwa rangi, ili vijana wautoe kila wanapopima. Kwa kuwa unapimia biashara, mizani hiyo ikaguliwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, na ukaguzi urudiwe kila mwaka.

Mafuta yapime kwa kilo, usiyapime kwa kuangalia mstari wa ndoo. Mafuta yanayotoka kwenye kinu ni ya moto na yamevimba. Ndoo iliyojazwa hadi lita 20 mafuta yakiwa na nyuzi 60 hivi itapungua karibu nusu lita yakipoa. Ugomvi mwingi kati ya mkamuaji na muuzaji wa dukani unaanzia hapo, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake amechota. Kilo haziathiriwi na joto.

Baada ya mizani, simu. Kama una akaunti ya Google kwenye simu yako, na kwa Android huenda tayari unayo, pakua programu ya Google Sheets bure. Ni jedwali kama kaunta buku, tofauti yake ni kwamba linajumlisha lenyewe. Liweke lifanye kazi hata bila bando, mtandao ukirudi litajihifadhi. Safu zako ziwe hivi: A tarehe, B jina la mwenye alizeti na kijiji ilikotoka, C kilo za alizeti, D kilo za mafuta, E kilo za mashudu, F uniti za umeme, G pengo. Kila mzigo mstari mmoja. Kwenye G mstari wa pili andika =C2-D2-E2, na kwenye H andika =G2/C2 kisha ulifanye lionyeshe asilimia. Ukishaandika mara moja, buruta kona ya kisanduku kushuka chini, gusa eneo ulilochagua kisha uchague Autofill, na mistari yote itajaa.

Mambo yanayoharibu jedwali ni machache, lakini yanarudi kila siku. Mtu akiandika "kilo 650" badala ya 650, simu inaona maneno na inakataa kuhesabu. Mmoja akianza tarehe na siku na mwingine na mwezi, mpangilio unavurugika. Kibaya zaidi ni kufuta. Kosa la jana lisifutwe. Ongeza mstari mpya wa leo wenye neno "sahihisho". Ukiruhusu kufuta, umerudi kwenye kaunta buku iliyochanwa karatasi.

Safu ya F usiidharau. Soma uniti za LUKU kabla na baada ya mzigo, gawa kwa idadi ya gunia. Kinu kinachoanza kula uniti nyingi kwa gunia lilelile kinaomba fundi, na mara nyingi dalili hii utaiona kabla mafuta hayajapungua sana.

Subiri mizigo ishirini hivi ndipo uanze kuhukumu. Kwa mizigo hiyo utaijua asilimia yako ya kawaida, na usichukue ya kiwanda cha jirani, kwa sababu vinu havifanani. Pima mashudu muda uleule kila mara, maana yakikaa yanapoteza unyevu na uzito.

Faida nyingine ya jedwali hili ndiyo ninayotamani uifikie haraka: lipange kwa safu ya B. Utaona alizeti ya kijiji fulani inakupa kilo 28 za mafuta kwa kilo mia, na ya kijiji kingine 23. Sababu inaweza kuwa mbegu, kwani mbegu ya zamani ya Record kwa kawaida ina mafuta kidogo kuliko chotara nyingi; inaweza pia kuwa mchanga. Chukua kilo 10 za gunia la mfano, zichekeche, pima uchafu. Ukikuta nusu kilo, basi kwenye kila kilo mia unanunua kilo tano za udongo kwa bei ya alizeti. Msimu ujao utakwenda kununua ukijua nani wa kumwongezea shilingi hamsini kwa kilo na nani wa kumwambia achekeche kwanza. Mkulima mwenye alizeti safi atakuja kwako badala ya kwa mwingine. Kukua kwa kiwanda kunaanzia hapo, kwenye bei unayonunulia.

Upande wa fedha, fanya jambo moja kila jioni: jumla ya mauzo ya ndoo ilingane na hela taslimu, pamoja na zilizoingia kwenye lipa namba, pamoja na mali kauli. Lipa namba iwe ya biashara, si laini yako ya nyumbani, ili uweze kutazama mauzo peke yake. Mafuta yasitoke kwa sababu mteja ameonyesha meseji kwenye simu yake, kwani meseji hutengenezwa. Yatoke baada ya wewe au muuzaji kuona hela imeingia upande wenu. Na anayepima asiwe ndiye anayepokea fedha. Hata kwa watu watano inawezekana: mmoja kinu, mmoja mizani, mmoja mauzo.

Kabla ya kuanza, kaa na vijana. Mizani ikiingia kimyakimya wataiona ni ya kuwakamata, na mtu anayejiona anashukiwa huandika namba za kumridhisha bosi. Waonyeshe hesabu ya ndoo tisa na nane. Waambie kwamba mizani hiyohiyo ndiyo itakayomsafisha kijana wa kinu siku skrubu ikichoka.

Kuhusu umri na darasa la saba, nakuambia bila kukupaka mafuta: kazi niliyoeleza ni kutoa, kujumlisha na kugawa, mambo unayofanya kichwani sokoni kila siku. Kigeni ni kidole kwenye kioo cha simu tu. Jipe dakika ishirini kila jioni kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza andika mistari mitano ya kubuni uifute upendavyo, ili uone simu haiharibiki. Ukitaka kukaa darasani, nenda VETA Dodoma au ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ukaulize kozi fupi zilizopo. Pia Dodoma ina vyuo vingi, UDOM, CBE na Chuo cha Mipango, na wanafunzi hutafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Anayesoma uhasibu anaweza kukaa nawe miezi miwili akakusaidia. Lakini jambo moja lisiondoke mikononi mwako: akaunti ya Google, neno la siri na namba ya kurejeshea akaunti viwe vyako, kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole. Mwanafunzi au muuzaji mpe ruhusa ya kuandika kwenye jedwali, usimpe akaunti.

Je, mfumo wa kulipia haufai kabisa? Unafaa, wakati wake ukifika. Ukiwa na vituo viwili vya kuuzia vinavyochota stoo moja, au watu watatu wanaohitaji kuona salio kwa wakati mmoja, au ukianza kufungasha chupa za lita moja na tano zenye tarehe na namba ya toleo, jedwali la simu litaanza kukuchosha. Hapo utanunua ukiwa unajua unachokitaka. Muulize muuzaji maswali haya mbele yako, na umwombe aonyeshe kwa vitendo: umeme na mtandao vikikatika, mauzo yanaandikwaje? Naweza kutoa taarifa zangu zote kwenda Excel mwenyewe, leo, bila wewe? Nikiacha kulipa ile laki moja, nitaendelea kuziona kumbukumbu zangu? Na je, umeunganishwa na mfumo wa TRA wa kutoa risiti za kodi? Hili la mwisho wengi hulisahau. Mfumo wa stoo hauondoi wajibu wa kutoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na kama havizungumzi, muuzaji wako ataandika kila mauzo mara mbili, hadi siku moja achoke aache upande mmoja. Laki moja ya kila mwezi pia ihesabu kwa mwaka: ni milioni 1.2, inayodaiwa hata miezi ambayo vinu vimesimama.

Mkopo wenyewe siupingi. Napinga kukopa kwa ajili ya kompyuta na huku alizeti ikikosa fedha. Mzigo wa alizeti unaonunuliwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, unaweza kujilipa. Jedwali la miezi sita linaloonyesha kilo, gharama ya lita na mauzo, pamoja na taarifa ya benki inayolingana nalo, litakupa cha kuzungumza na afisa mikopo, kwa hiyo pitisha mauzo benki hata kama ni kidogo kidogo. Uliza pia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo haina riba na hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Kuna mlango mwingine ambao Dodoma unao karibu kuliko mikoa mingi. Serikali iko hapa, na taasisi zake hununua kupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Shule, hospitali na vyuo vinakula mafuta. Ila huko huingii na ndoo isiyo na jina: utahitaji TIN, usajili wa biashara, alama ya ubora ya TBS, risiti za EFD na uwezo wa kusema mafuta haya yalikamuliwa lini na kutoka mzigo upi. Supamaketi zitaongeza msimbomilia (barcode), ambao kwa Tanzania huanza na 620 na hutolewa na GS1 Tanzania. Jedwali lako la mizigo ndilo litakalojibu swali la mzigo upi. SIDO husaidia wajasiriamali wadogo kwenye safari ya TBS, waone kabla hujachapisha lebo.

Yapo ambayo hayamalizwi kwa maandishi, itabidi uende au uite mtu. Mashudu yakizidi uzito kwa mizigo mitatu mfululizo, au ukiyabana mkononi yakaacha mafuta kwenye kiganja, ita fundi wa kinu. Mauzo ya mwaka yakikaribia shilingi milioni 200, ambacho ndicho kiwango cha kusajiliwa VAT tangu Julai 2023, kaa na mhasibu na TRA mapema, usisubiri barua. Na pengo likipanda huku mashudu yakiwa yaleyale, usimtuhumu mtu siku hiyo: rudia kupima mizigo mitatu ukiwa umesimama hapo mwenyewe, kagua mizani kwa kitu unachojua uzito wake, mfano mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, na kama bado namba zinakataa, tafuta ushauri wa sheria za kazi kabla ya kumsimamisha yeyote.

Mavuno ya Dodoma huanza kushika kasi kuanzia mwezi wa tano. Mizani ikifika wiki hii, utakuwa na mizigo yako ishirini kabla ya gunia la kwanza la msimu kushuka getini.